Paa Lifunguliwe Agosti: Muda na Gharama Katika Ukarabati wa Majengo ya Umma Mwanza

Mkoa wa Mwanza una kalenda mbili ambazo hazipatani. Ya kwanza ni ya fedha: mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. Ya pili ni ya mvua: vuli hushika kati ya Oktoba na Desemba, Januari na Februari hupungua bila kukatika, masika huja Machi hadi Mei, na kuanzia Juni hadi Agosti ndiyo kiangazi chenyewe. Ukarabati mkubwa wa jengo kuukuu huanza kwa kulivua paa. Kwa hiyo miezi ya kufanya kazi hiyo bila hofu haizidi mitatu, ukiongeza na siku chache za Septemba.

Sasa angalia mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Julai bajeti imeanza. Agosti mhandisi anapelekwa kupima jengo. Septemba makadirio yanaandikwa, zabuni inapandishwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, inafuata tathmini, majadiliano, kusaini, dhamana ya utendaji kutoka benki. Mkandarasi anakabidhiwa saiti wiki ya kwanza ya Novemba, na siku anayong'oa bati la kwanza wingu limeshasimama upande wa ziwa. Kuanzia hapo kila kitu kinakwenda kwa kuviziana na mvua: silingibodi iliyokuwa ibaki inalowa na kuning'inia, lipu ya zamani inafura na kubanduka, nyaya zinaingiwa maji, na mafundi wanakaa chini ya mwembe kuanzia saa nane mchana. Kazi ya miezi mitano inafika miezi minane. Mwezi Juni unapokaribia, kila mtu anakimbizana na kufungwa kwa mwaka wa fedha, na kazi za mwisho, zile zinazoonekana na wananchi, zinafanywa harakaharaka.

Lawama humwangukia mkandarasi. Wakati mwingine anastahili. Lakini ucheleweshaji wa aina hii ulikwisha kuandikwa kwenye tarehe kabla hajajua kuwa zabuni ipo. Dawa yake haihitaji hela nyingi: ukaguzi wa jengo, michoro na makadirio vifanyike Januari hadi Aprili, ndani ya mwaka wa fedha uliotangulia, ili Julai ikiingia iwe ni zamu ya ununuzi tu, na Agosti paa liwe limefunguka. Ukaguzi unahitaji mhandisi, mkadiriaji majenzi, fundi mmoja hodari mwenye ngazi, na siku nne au tano. Na kuna faida nyingine ya kukagua Machi na Aprili: mvua inanyesha. Jengo lililovuja linakuonyesha lenyewe linapovujia.

Kabla ya kwenda mbali, tufanye hesabu ndogo, kwa sababu watu wengi huona muda na gharama kama matatizo mawili tofauti. Tuseme mkataba ni Sh 280,000,000 kwa miezi mitano. Siku moja ambayo saiti imesimama ina walinzi wawili, msimamizi, mashine ya kuchanganyia zege ya kukodi, jukwaa la chuma la kukodi, stoo, na mafundi wachache wa kudumu ambao ukiwaachia watakwenda saiti nyingine. Tuseme jumla ni Sh 350,000 kwa siku. Siku 40 za kusimama ni Sh 14,000,000, yaani asilimia 5 ya mkataba, na hakuna hata tofali moja lililoongezeka. Fedha hizo atazilipa mtu. Ama mwajiri, yaani taasisi yenye jengo, atazilipa kupitia madai ya nyongeza, ama mkandarasi atazitoa kwenye ubora wa kazi, kwenye lipu iliyopungukiwa sementi na rangi ya mkono mmoja. Kila msimamizi wa mradi wa umma aijue bei ya siku yake moja na aiandike ukutani ofisini. Barua iliyokaa mezani wiki mbili ikisubiri saini itaonekana kwa thamani yake.

Fungua jengo kabla ya kulipangia bei

Jengo jipya unalijua kwa sababu umelichora. Jengo la zamani linaficha mambo, na kinachojificha ndicho kinachopandisha gharama. Makadirio mengi ya ukarabati huandikwa kwa kutembea: mtu anazunguka jengo na daftari, anaandika "kubadilisha bati, kurekebisha kenchi zilizoharibika, kupiga lipu upya sehemu zilizobanduka". Maneno "zilizoharibika" na "sehemu" ndiyo yanayokuja kula fedha baadaye, kwa sababu hayana namba.

Chukua wodi ya mita 30 kwa 10 yenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kila mita 1.2. Hizo ni kenchi 26. Ukizitazama kutoka chini kupitia tundu la silingi zinaonekana zima, kwa kuwa katikati ya mbao huwa pazima. Mchwa na uozo huanzia kwenye ncha, pale kenchi inapokalia ukuta, ambapo maji ya gata mbovu hupenya na hewa haipiti. Kwa hiyo fundi apande, atambae hadi pembeni, na achome kila ncha kwa bisibisi ndefu. Ikiingia zaidi ya sentimita moja bila kusukumwa kwa nguvu, hiyo kenchi ina kasoro na iandikwe namba yake kwa chaki. Kazi hiyo ni ya siku moja. Tofauti kati ya kubadilisha kenchi 4 na kubadilisha 14 ni mbao, usafiri, mafundi na wiki mbili za ziada paa likiwa wazi.

Kuta nazo hudanganya. Gonga lipu kwa nyundo nyepesi kila nusu mita; panapotoa sauti ya ngoma pameachana na ukuta. Kisha shusha timazi kutoka juu hadi chini, pembe zote na katikati, upime ukuta umelala kiasi gani. Kipimo hiki hurukwa karibu kila mahali, na hasara yake ni kubwa. Ukuta wa mita za mraba 600 ukipigwa lipu ya milimita 15 kwa uwiano wa 1:4 wa sementi na mchanga unahitaji mifuko kama 70 ya sementi ya kilo 50, kabla ya kuhesabu upotevu. Ukuta huohuo ukiwa umepinda, na fundi akalazimika kuunyoosha kwa wastani wa milimita 30, mifuko inakuwa 140. Mchanga nao unakuwa maradufu. Na lipu nene haipigwi mara moja, itaanguka yenyewe kwa uzito; hupigwa mikono miwili, wa kwanza ukikwanguliwa na kuachwa ushike kabla ya wa pili. Kwa hiyo hata siku zinaongezeka. Yote haya yangejulikana kwa kamba na timazi asubuhi moja.

Majengo ya zamani zaidi yana kuta za mawe, na baadhi yalijengwa kwa chokaa. Hapo kuna makosa mawili ya kuepuka. Moja ni kupiga lipu ngumu ya sementi juu ya ukuta wa chokaa: unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, unajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya masika mawili lipu inabanduka kwa vipande. La pili ni kuweka kwenye makadirio uchimbaji wa mifereji ya nyaya ndani ya ukuta wa mawe kwa bei ileile ya ukuta wa tofali. Fundi atakaa siku nzima kwenye mita mbili. Ni heri nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba ya plastiki yaliyopangwa vizuri. Zitakuwa rahisi kurekebishwa hata miaka kumi ijayo.

Angalia bati pia. Baadhi ya majengo ya umma ya zamani yana bati za asbesto, zile nene za kijivu zenye mawimbi makubwa. Hizo hazipigwi nyundo wala hazitupwi chini. Hulowanishwa, hufunguliwa nzima, hufungwa kwenye plastiki nene, na wafanyakazi huvaa barakoa maalumu na mavazi ya kufunika mwili. Vumbi lake huharibu mapafu na madhara hujitokeza miaka mingi baadaye. Mahali pa kuzizika lazima pakubaliwe mapema na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Asbesto ikigunduliwa siku ya kung'oa paa, kazi husimama kwa wiki kadhaa. Ikigunduliwa Machi, ni mstari mmoja tu kwenye makadirio.

Upande wa umeme, fungua mainswichi na soketi tatu au nne, vuta waya. Waya wa zamani uliovikwa mpira hukatika ukiukunja. Ukikuta hivyo sehemu moja, jengo lote lipangiwe nyaya mpya, milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, pamoja na fimbo ya ethi inayozamishwa ardhini. Usiruhusu makadirio yaseme "kurekebisha mfumo wa umeme". Mabomba ya chuma ya maji yanapungua tundu kwa kutu kwa ndani hata kama nje yanang'aa. Kata kipande kimoja uone. Fungua chemba zote za maji taka, mwaga ndoo tatu za maji chooni, utazame yanafika baada ya muda gani.

Mwamba

Mtu anayetoka mkoa mwingine kuja kufanya kazi Mwanza hushangazwa na mawe. Ukarabati wa jengo karibu kila mara una kazi ya nje: karo jipya la maji taka, mfereji wa maji ya mvua, msingi wa tangi, njia ya kiti cha magurudumu. Michoro huonyesha karo la kina cha mita 2.5 pembeni ya jengo. Wachimbaji wanafika mita 0.8 wanakutana na mwamba. Kama makadirio yana bei ya kuchimba udongo tu, hapo ndipo majadiliano ya nyongeza yanapoanza, na mkandarasi anakuwa na nguvu zote kwa sababu ameshakuwa saiti na wewe huna wa kumlinganisha naye.

Kinga yake ni nondo ya milimita 16 yenye ncha, urefu wa mita 3, na nyundo nzito. Ipigiliwe ardhini kila mita moja kwenye eneo zima linalofikiriwa, na kina kilichofikiwa kiandikwe kwenye mchoro. Mara nyingi utakuta mwamba umepanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na kusogeza karo mita sita kunamaliza tatizo. Pasipowezekana, makadirio yawe na bei mbili kwa mita ya ujazo, ya udongo na ya mwamba, na zote zishindanishwe wakati wa zabuni. Ile njia ya kienyeji ya kupasha mwamba moto kwa magogo au matairi kisha kuupasua isitumike karibu na jengo: moshi wake ni sumu kwa wagonjwa na wanafunzi, na joto linaweza kuachanisha mawe ya msingi wenyewe. Hapo ni patasi, mashine ya upepo, au dawa ya kupasulia inayovimba ndani ya matundu. Vyote ni vya polepole. Vipewe muda wake kwenye mpango kazi.

Kwa majengo yaliyo bondeni karibu na ufukwe, swali ni maji. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na likapanda tena 2024, na makaro mengi ya mwambao yalijaa kutoka chini. Karo la jengo la mwambao lipimwe kwa kiwango cha juu cha maji kilichowahi kufika hapo. Wavuvi na wazee wa mtaa watakuonyesha kwa kidole yalifika ukuta gani.

Bei za mambo yasiyojulikana

Hata ukikagua vizuri kiasi gani, kuna vitu vitajitokeza. Siri ni kuvipangia bei wakati bado kuna ushindani. Kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, weka mistari ya vitu vinavyoweza kutokea, kila kimoja kwa kipimo kimoja: kubadilisha kenchi moja nzima, kuunganisha ncha ya kenchi moja, mita ya ujazo ya mwamba, mita ya mraba ya lipu kwa kila milimita 10 ya ziada, mita moja ya bomba la maji taka la inchi 4, kubadilisha fremu moja ya mlango. Weka idadi ya makisio inayofanana na ulichokiona. Kikizidi, bei ipo. Kikipungua, fedha inabaki. Bila mistari hiyo, kila jambo jipya litahitaji bei mpya, barua, kikao, na idhini ya bodi ya zabuni. Mtu mmoja akiwa safarini, kazi inasubiri wiki tatu.

Fedha za dharura za asilimia 5 zinaweza kutosha jengo jipya. Kwa jengo la zamani ambalo halikufunguliwa wakati wa ukaguzi, hata asilimia 15 ni kidogo. Kwa lililofunguliwa vizuri, 10 inatosha. Na fedha hizo zisiguswe kwa mapambo. Nusu yake ibaki hadi paa limefungwa na mabomba yamepimwa kwa presha, kwa sababu mshtuko mkubwa huja kabla ya hapo.

Jambo la bei za soko: mikataba mifupi, na ukarabati mwingi ni wa aina hiyo, kwa kawaida bei yake haibadiliki hata sementi ikipanda. Wengi huona hiyo ni salama kwa Serikali. Ni salama kama muda unashikwa. Sementi nyingi ya Kanda ya Ziwa husafirishwa kutoka viwanda vya mbali, vingi vikiwa pwani, kwa hiyo bei yake Mwanza hubeba mafuta ya lori juu ya bei ya kiwandani. Dizeli ikipanda, bei inapanda siku chache baadaye. Mkandarasi aliyepanga bei Agosti na ananunua Mei atatafuta pa kufidia. Kwa hiyo ukimlipa malipo ya awali, yaelekezwe kwenye vitu vinavyopanda bei na visivyoharibika: bati, nondo, nyaya, vigae, mabomba, na vile vinavyochukua muda kutengenezwa kama madirisha ya alumini. Vinunuliwe wiki za mwanzo, vihesabiwe, viwekwe stoo yenye kufuli mbili. Sementi hapana. Sementi haipaswi kukaa zaidi ya miezi mitatu, na kwenye unyevunyevu wa mwambao hata kabla ya hapo huanza kuganda. Iwekwe juu ya mbao sentimita 15 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, isizidi mifuko kumi kwa kimo, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Mchanga nao una hila yake. Hununuliwa kwa tripu, na tipa mbili zinazoitwa sawa zinaweza kutofautiana mita ya ujazo nzima. Pima bodi: urefu wa mita 4.2, upana 2.2, kimo 0.8 ni takriban mita 7.4 za ujazo. Lipa kwa mita ya ujazo iliyopimwa saiti kabla ya kumwaga, mchanga ukiwa umesawazishwa. Na ukumbuke mchanga wenye unyevu mdogo hufura, wakati mwingine hadi robo ya ujazo wake mkavu. Fundi akichanganya kwa ndoo bila kulijua hilo, anaweka mchanga pungufu na sementi inaisha mapema. Watu watadhani imeibwa.

Ukerewe, Ukara na Kome

Kwa visiwa, makadirio yaliyonakiliwa kutoka Ilemela, upande wa bara, hayafai. Mfuko wa sementi unaokwenda Ukara kwa njia ya barabara unapakiwa Mwanza, unavuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi, unafika upande wa Bugolora, unashushwa, unapakiwa chomboni, unashushwa Bwisya, unapakiwa tena hadi saiti, unashushwa. Kila kupakia na kushusha kuna mshahara wa mpagazi na kuna upotevu. Tuseme kila mguso ni Sh 300 kwa mfuko: miguso sita kwa mifuko 400 ni Sh 720,000, bado nauli, bado mifuko iliyochanika au kulowa. Weka usafiri kama mstari wake wenyewe kwenye makadirio. Usiufiche ndani ya bei ya sementi, maana hapo hutaweza kuudhibiti. Na mizigo ipelekwe kwa mafungu makubwa miezi ya ziwa tulivu, kwa orodha iliyokamilika. Kopo moja la gundi ya mabomba lililosahaulika linaweza kusimamisha fundi bomba siku mbili. Upande wa Sengerema na Buchosa hali imekuwa nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Makadirio ya zamani yenye posho ya kusubiri kivuko yaandikwe upya.

Saiti inapokwenda

Paa lisivuliwe lote kwa siku moja, hata kiangazi. Kenchi mpya zitengenezwe chini kwanza, zikamilike, zipakwe dawa ya mchwa, mbao ziwe zimekauka. Mbao mbichi ikipandishwa itajipinda na kuvuta misumari, na baada ya mwaka bati litakuwa na mawimbi. Kisha fungueni mita sita, pandisheni kenchi, pigeni papi (mbao za kushikilia bati), ezekeni, ndipo msogee. Turubai la kufunika mita hizo sita liwepo saiti kila siku na kamba zake. Wodi au darasa la upande wa pili linaendelea kutumika.

Hilo la kuendelea kutumika lina uzito wake. Sababu ya ucheleweshaji isiyoandikwa kwenye ripoti nyingi ni kwamba jengo halikuwa limehamwa. Mkandarasi anakabidhiwa saiti, anakuta mafaili, vitanda, jenereta la zamani, mtu ambaye ufunguo wa chumba chake uko Dodoma. Siku hizo zinahesabiwa kwake kama haki ya nyongeza ya muda, na ni kosa la mwajiri kabisa. Andika ratiba ya kuhama chumba kwa chumba, pamoja na vyoo vya muda, kabla ya kusaini mkataba.

Utaratibu wa kazi za ndani hauna njia ya mkato: paa, kisha mabomba na nyaya ndani ya kuta, kisha kupima presha ya maji, kisha lipu, kukauka, silingi, rangi, vigae, na mwisho vitasa na taa. Kila mara mradi unaochelewa hujaribu kuruka hatua ya kukauka. Lipu mpya ina ukali wa sementi na maji ndani yake. Ikipakwa rangi kabla ya wiki nne, rangi itatoa madoa meupe na kubanduka kwa ngozi. Kwa hiyo lipu ianze upande ambao paa limefungwa mapema, ili wiki hizo nne zipite wakati kazi nyingine inaendelea upande wa pili. Zege na lipu zimwagiliwe siku saba. Kwenye mitaa ya milimani ambako maji huja kwa mgao, tangi la lita 5,000 lifike saiti kabla ya mfuko wa kwanza wa sementi.

Kikao kiwe kila Jumatatu, nusu saa, mkiwa mmesimama saiti. Karatasi moja tu: maswali yasiyojibiwa, jina la anayetakiwa kujibu, na tarehe. Rangi gani ya vigae, mlango ufungukie wapi, soketi ziwe ngapi chumba cha maabara. Maswali haya ni madogo na ndiyo yanayosimamisha kazi. Maelekezo yote yaandikwe siku ileile kwenye daftari la saiti, yasainiwe pande mbili. Daftari hilohilo liandike kila siku idadi ya mafundi, vifaa vilivyoingia, na mvua ilinyesha saa ngapi hadi saa ngapi. Mkandarasi akija na madai ya siku 30 za mvua, mtafungua daftari. Mvua ya kawaida ya vuli alipaswa kuiweka kwenye mpango wake; ile iliyopita kiasi ndiyo ya kuzungumzwa.

Kazi inayofunikwa ipigwe picha na kupimwa kabla ya kufunikwa. Mwisho wa mwezi pimeni pamoja, mkandarasi na msimamizi, kila mmoja akiwa na nakala yake. Cheti cha malipo kikitoka, mikataba mingi hutaja siku 28 za kulipa. Kucheleweshewa malipo ni chanzo cha ucheleweshaji kisichosemwa kwa sauti. Mkandarasi mdogo ambaye hajalipwa cheti cha pili hana namna ya kununua vifaa vya cheti cha tatu. Fedha zikichelewa kufika kutoka juu, mwambieni mapema ili apange kazi za ufundi mwingi na vifaa vichache, kuliko kumwacha akisubiri.

Fidia ya ucheleweshaji ina nafasi yake. Ikiwa ni asilimia 0.1 kwa siku, kwenye mkataba wetu wa mfano ni Sh 280,000 kila siku, na kikomo cha asilimia 10 kinafikiwa baada ya siku 100. Lakini fidia haimalizi jengo. Yenye faida ni onyo la mapema: kazi ikiwa nyuma kwa wiki mbili, mkandarasi aandike ndani ya siku saba atarejesha muda kwa njia gani, mafundi wangapi, chumba kipi kwanza.

Kwa miradi ya force akaunti, ambapo taasisi inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi, shule na zahanati nyingi zikiwa humo, hatari inahamia kwenye kamati. Kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ziwe na watu tofauti kwelikweli, kwa sababu anayenunua akipokea mwenyewe hakuna anayehesabu. Fundi alipwe kwa hatua iliyopimwa, kwa mfano kupandisha kenchi zote, kuezeka, lipu ya ndani, kila moja na kiasi chake, na malipo ya kwanza yasizidi kazi iliyofanyika. Duka la kijijini ambalo halijasajiliwa kwenye NeST lisaidiwe kusajiliwa mapema; mkisubiri hadi siku ya kununua misumari, mtapoteza wiki.

Na fedha zikionekana hazitatosha? Kata kitu kizima, usipunguze ubora wa kila kitu. Acheni vigae vya kuta, uzio, baraza, samani. Hivyo vitakuja mwaka ujao bila kubomoa chochote. Msiguse paa, gata, mifereji, waya wala karo. Bati la geji 30 badala ya 28 ni jepesi kwa robo hivi, na kwenye upepo wa ziwa misumari yake hutanua matundu. Akiba hiyo italiwa na silingi iliyolowa.

Makabidhiano yasiwe mwisho wa uangalizi. Jengo likikabidhiwa Januari, kipindi cha matazamio kivuke masika nzima kabla ya fedha zilizozuiliwa kuachiwa. Aprili, mvua ikiwa imeshika, msimamizi apande ndani ya dari na tochi, apite kenchi moja baada ya nyingine, aangalie kila tundu la msumari na kila kiungo cha kofia ya paa, kisha ashuke nje asimame kwenye mvua atazame gata kama zinamwaga kwenye bomba au ukutani.